Kifungu cha Wivu

SEHEMU YA SABA

Teke likatua. Mlango ukafunguka na kugonga ukuta kwa kishindo.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, msomaji, sogea nikupashe upesi. Tulimwacha wakili Obedi Mihayo ghorofani kule Mkuyuni, kasimama mbele ya mlango uliofungwa, mishipa ya shingo imemtoka. Hapo mlangoni palikuwa na jozi mbili za viatu. Moja ni sandali nyekundu za mkewe, Hellen, alizomnunulia yeye mwenyewe. Nyingine ni viatu vyeusi vya kiume, vimepigwa kiwi hadi vinang'aa. Ndani kimya. Na jengo ni la Rahim Jumbe, mchapishaji wa vitabu, mwanamume aliyefiwa na mke, mtanashati, anayenukia udi hata siku za kazi.

Mwenye mke angefanya nini? Obedi alifanya alichofanya.

"Nimewakamata!"

Kuta za chumba zilikuwa zimefunikwa magodoro kuanzia juu hadi chini. Katikati ya zulia alikaa Bibi Mwanvua, mwanamke wa umri wa kumzaa Obedi, kinasa sauti mbele ya midomo yake. Pembeni alikuwa Jonathan, fundi wa sauti, soksi imetoboka na dole gumba liko nje. Viatu vile vyeusi vilikuwa vyake; Bibi ndara zake alikuwa ameingia nazo kapuni. Na Hellen alikuwa mbele ya kompyuta, amevaa vile vidude vya masikioni, macho yamemtoka.

"Umekamata nini, mwanangu?" Bibi Mwanvua aliuliza. "Fisi? Maana ndiye tuliyekuwa naye hadithini. Nimefika pale anapobisha hodi kwa mbuzi, mara fisi mwenyewe huyu hapa."

Jonathan aligeukia ukuta ili acheke vizuri.

"Shikamoo, Bibi," Obedi alisema.

"Marahaba. Sasa ndiyo umenisalimia, mlango umeshauvunja."

Hellen hakucheka. Alivua vidude vyake taratibu. "Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo tu, Baba Antoni. Asubuhi nzima tunarekodi. Sasa tunaanza upya."

Nyuma ya Obedi sauti ya upole ikasema, "Wakili, karibu sana. Ila humu tunavua viatu. Mashine inanasa hata mchanga."

Alikuwa Rahim. Ndiyo kwanza anapanda ngazi, mkono mmoja chupa ya chai, mkono mwingine sahani ya vitumbua. Mtu hata chumbani hakuwemo!

"Na mkataba wetu, wakili?" aliuliza, kana kwamba milango yake hupigwa mateke kila siku. "Umefikia wapi?"

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Hellen ni mtengeneza programu za kompyuta. Amekesha na kukonda akitengeneza Kibuyu cha Hadithi, programu ya kuwafundisha watoto kusoma kwa hadithi za wazee, kwenye vishikwambi vya shuleni. Rahim anataka kuichapisha pamoja na vitabu vyake. Alhamisi ana kikao na walimu wakuu kule Sengerema. Lakini ametamka wazi kwamba hatawapelekea kitu ambacho hakina mkataba uliosainiwa. Kuna kijana mwingine mjini ana programu ya namna hiyo, na anasubiri Hellen ateleze tu.

Na mkataba huo anauandika nani? Obedi. Wakili wa Hellen ni mumewe. Usishangae, msomaji. Hapa kwetu mke wa fundi cherehani hapeleki gauni lake kwa fundi mwingine, watu watasema.

*

Nyumbani Mkolani siku hiyo chakula kilipoa mezani.

"Kwa nini yule Rahim anakuita Hellen?" Obedi alianza.

"Kwani naitwa nani?"

"Wewe ni Mama Antoni. Mtu mwenye heshima zake anamwita mke wa mtu kwa jina la mwanawe."

"Kwako na kwa majirani mimi ni Mama Antoni. Kazini ni Hellen. Au ulitaka mkatabani waandike Mama Antoni?"

Kusema kweli, wazo hilo halikumchukiza Obedi.

"Baba Antoni, nitazame," Hellen alisema. "Umenidhalilisha leo. Mbele ya bibi wa watu. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mimi namkataa yeye. Mwanamume gani anabeba vitumbua mwenyewe? Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Kwa hiyo kosa lake ni ukarimu."

"Ukarimu wa nani? Mbona mimi hajawahi kuniletea kitumbua?"

Hellen alishika kichwa. Kisha akaongea polepole, kama anayemweleza mgonjwa dozi. "Hii programu ndiyo kazi yangu. Sina nyingine. Alhamisi ikipita bila mkataba, imekwenda na maji. Naomba uniandikie vizuri. Usiandike ukiwa na hasira."

"Mimi ni wakili. Hasira naiacha mlangoni."

"Leo mlango si uliupiga teke?"

Obedi aliahidi kwamba Alhamisi asubuhi, kivukoni, kabla Hellen na Rahim hawajavuka ziwa kwenda Kamanga, njia ya Sengerema, mkataba utakuwa tayari.

*

Kesho yake alifika ofisini mapema na kuanza kazi. Na haki itendeke hata kwa mwenye wivu: Obedi ni wakili mzuri. Aliandika kwamba Kibuyu cha Hadithi ni mali ya Hellen na itabaki mali yake. Mchapishaji anapewa ruhusa ya kuisambaza, hauziwi moja kwa moja. Hatabadilisha hadithi hata moja bila idhini ya mwenyewe. Kila shule itakapoitumia, mwenyewe atapata mrabaha, fungu lake la mapato. Jina lake litatokea mbele, herufi kubwa.

Kazi safi kabisa. Angeishia hapo, hadithi hii ingekwisha leo na mhariri angepata pa kuweka matangazo.

Lakini alichukua simu ili apumzishe macho. Na katika kupumzisha macho, akaona picha ambayo Rahim ameiweka ili watu wote waione. Ilikuwa ya jana, baada ya Obedi kuondoka na aibu yake. Bibi Mwanvua katikati, Jonathan nyuma, Hellen anacheka hadi jino la mwisho linaonekana. Rahim yuko kando yake katika kanzu nyeupe, na badala ya kutazama kamera anamtazama Hellen. Chini ameandika: "Watu wangu."

Watu wake!

Obedi aliikuza ile picha kwa vidole. Akaipunguza. Akaikuza tena. Alijiuliza ni lini mara ya mwisho Hellen alicheka hivyo nyumbani, na hakukumbuka. Roho ilimuuma, msomaji, ilimuuma kweli kweli. Usimcheke kama hujawahi kupenda mtu anayewapendeza watu.

Akaweka simu chini na kurudi kwenye mkataba. Safari hii wakili alikuwa ametoka, kalamu kaishika mume.

Kwanza aliandika: "Mchapishaji atamwita msanidi kwa jina la Mama Antoni." Akaisoma, aibu ikamshika, akaifuta. Msanidi ndilo neno la mikataba kwa mtengeneza programu, na kweli ingechekesha mahakama nzima.

Halafu akaandika kifungu kingine, na hiki hakukifuta: "Mchapishaji na msanidi hawatakutana, hawatasafiri pamoja wala kuzungumza kwa simu bila wakili wa msanidi kuwepo. Wakili huyo ni Obedi Mihayo, na hatabadilishwa."

Alikisoma mara ya pili na kutabasamu. Unadhani alitaka Rahim akikubali? Hata kidogo! Alijua hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayesaini kitu kama hicho. Rahim atasoma, atafoka, atachana karatasi na kwenda kwa yule kijana mwingine. Mkataba utakufa kwa mkono wa Rahim. Hellen atalia, Obedi atampa bega, na hakuna atakayejua muuaji ni nani.

Ndivyo wivu unavyomfanya mtu. Anamzika mkewe akiwa hai, kisha anajiandaa kumfariji.

*

Alhamisi kivukoni magari yalikuwa kwenye foleni, wauza karanga wanapita dirisha kwa dirisha, upepo wa ziwa unawapeperushia akina mama vitenge. Gari la Rahim lilikuwa karibu na mbele. Bibi Mwanvua alikaa kiti cha nyuma, amejitanda khanga mpya, maana walimu walitaka kumwona msimulizi kwa macho.

Rahim aliupokea mkataba, akautandaza juu ya boneti na kuanza kusoma. Obedi alisimama karibu, mikono nyuma, akisubiri mlipuko.

Rahim alisoma ukurasa wa kwanza. Akatikisa kichwa kukubali. Akasoma wa pili. Akafika mwisho. Jicho lake likasimama pale pale Obedi alipotaka lisimame.

Sasa, Obedi alijisemea moyoni. Sasa foka.

Rahim alitoa kalamu na kusaini.

"Subiri kwanza," Obedi alisema. "Umekisoma cha mwisho?"

"Nimekisoma."

"Umekielewa?"

"Wakili, mimi nauza vitabu. Kusoma najua."

"Na umekubali?"

"Nimekubali. Tena nakushukuru."

Mtu asiye na nia mbaya angekasirika kwa kutukanwa. Mwenye nia mbaya angekasirika kwa kuzuiwa. Huyu anashukuru! Huyu ni mtu wa aina gani?

Hellen alifika kutoka dirishani alikokata tiketi, ana furaha kama mwanafunzi aliyefaulu. "Ameshasaini? Jamani! Lete nami nisaini, watu wanaanza kupanda."

"Saini hapa tu, Mama Antoni," Obedi alisema haraka, kidole kimefunika chini ya ukurasa. "Muda hautoshi wa kusoma."

Kosa! Mke wa wakili amefundishwa na nani kutosaini asichokisoma? Si na wakili mwenyewe?

Hellen alikiondoa kile kidole. Akasoma kwa kusimama, midomo inacheza. Alipomaliza, ile furaha haikuwepo tena usoni.

"Nani ameandika hiki?" aliuliza. "Wakili wangu au mume wangu?"

"Wakili," Obedi alijibu. "Ni kwa usalama wa..."

"Wakili hufanya anachotumwa na mteja wake. Mteja ni mimi. Nilikutuma?"

Obedi alianza kufungua na kufunga mkoba wake.

"Nimekuuliza, Baba Antoni. Nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Basi ni mume." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Obedi. "Ningekuwa na kazi ya kuuza samaki ungekuja kuwapanga wateja wangu? Huyu aje, huyu asije?"

Hellen aliichukua kalamu kutoka mkononi mwa Rahim, akakikata kile kifungu kwa mstari mmoja mrefu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaandika herufi za jina lake pembeni, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya kwenye mikataba ya watu.

"Rahim, weka na wewe herufi zako hapa, tumalize."

Na hapo, msomaji, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea. Rahim hakuipokea kalamu.

"Hellen, kwa maoni yangu," alisema, "kingebaki tu."

"Nini?"

"Kifungu. Sioni ubaya wake. Watu wa mjini wana midomo. Ni kwa heshima yako."

Obedi aligeuka na kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Rahim alikuwa anatazama maji.

Hellen aliwatazama wote wawili. "Kumbe mmekaa wanaume wawili mkanipangia! Mimi ni ng'ombe wa zizi gani, nitolewe kwa zamu? Kibuyu cha Hadithi nimekitengeneza kwa akili yangu. Rahim, unaweka herufi au niwaambie walimu nimekosa mchapishaji?"

Honi ya kivuko ililia. Rahim alipokea kalamu. Aliandika herufi zake polepole mno, mtu angedhani anasaini kuuza nyumba ya urithi.

Hellen akasaini pake. Kisha akamgeukia mumewe. "Gonga muhuri."

"Mama Antoni, njoo tuongee pembeni kidogo."

"Tutaongea nyumbani. Gonga."

Obedi alitoa muhuri kwenye mkoba, akagonga. Ulitokea umepinda.

"Asante," Hellen alisema. "Kuanzia leo nitatafuta wakili mwingine. Mume ninaye."

Maneno hayo yangeweza kuwa matamu siku nyingine. Leo yalimwingia Obedi kama pilipili kwenye kidonda.

Unajua utaratibu wa kivukoni: abiria wote hushuka, wanapanda kwa miguu, na dereva peke yake ndiye anayeliingiza gari. Bibi Mwanvua alishuka, akajifunga khanga vizuri, akamshika Obedi mkono.

"Mwanangu, wivu kidogo ni chumvi," alimnong'oneza. "Wewe umemwaga kopo zima."

Wakaondoka, Hellen mbele na kompyuta yake begani, bibi nyuma yake. Hellen hakugeuka hata mara moja.

Rahim aliingia kwenye gari. Zamu yake ikafika. Mhudumu akampungia mkono aingie. Rahim hakuwasha. Akatoa mkono dirishani na kuwaonyesha walio nyuma wapite. Likapita lori la saruji. Likapita basi. Mhudumu akapunga tena kwa hasira. Rahim bado.

Lango la kivuko likaanza kunyanyuka.

"Wewe!" Obedi alikimbilia dirishani. "Hupandi? Kikao je?"

Kivuko kiliachana na nchi kavu. Kule juu Hellen alikuwa ameona gari halimo, anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele ambazo upepo ulizichukua. Simu ya Rahim ikaanza kuita kwenye kiti. Hakuigusa. Alifungua mlango akashuka, akasimama uso kwa uso na Obedi.

"Nilitaka tubaki wawili," alisema.

"Kwa ajili ya nini?"

"Wivu wako, wakili. Watu wote wanakucheka. Jonathan anakucheka, Bibi anakucheka. Mimi sijakucheka hata siku moja. Unajua kwa nini?"

Obedi alijua. Alijua kabla hajaambiwa.

"Kwa sababu hukukosea," Rahim alisema. "Nampenda mkeo."

Ngumi ya Obedi ilipanda yenyewe. Rahim hakurudi nyuma wala kujikinga.

"Yeye hajui," aliendelea. "Hajanipa hata jicho. Anakutaja wewe asubuhi hadi jioni, Baba Antoni hivi, Baba Antoni vile, hadi nachoka. Sijamtamkia neno, na sikutaka kumtamkia. Jana usiku nimesali nipate namna ya kukaa naye mbali bila kumwangusha kazi yake. Leo asubuhi ukaniletea kile kifungu. Wakili, nilikisoma nikasema hii ni dawa yangu. Kitu cha kunizuia, kimeandikwa, kitagongwa muhuri. Na wewe na hasira zako umekifanya kikatwe mbele ya macho yangu."

Ngumi ya Obedi ilibaki hewani, haina pa kwenda.

Kivuko kingine kilikuwa kimeshagusa nchi kavu. Magari ya kutoka Kamanga yalishuka, mhudumu akaanza kuwaita wa upande huu. Rahim alinyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na ufunguo wa gari.

"Walimu wale wananijua mimi. Nisipofika, hawataipokea programu, na kazi ya Hellen imekufa leo. Nikifika, nitakuwa naye kutwa nzima, na sasa unajua moyoni mwangu kuna nini. Mimi nimeshindwa kuamua. Sema wewe, Obedi. Nipande au nirudi nyumbani?"

Hapo hapo simu ya Obedi ikaita mfukoni. Alipokea bila kutazama, macho yake yako kwenye ule ufunguo.

"Baba Antoni!" Hellen alikuwa anahema, mlio wa injini umejaa nyuma yake. "Nimewaona kutoka huku. Nimeona umemnyanyulia ngumi. Umemfanya nini Rahim hadi hakupanda?"

"Sijamfanya kitu."

"Mwambie avuke sasa hivi. Au niambie kwa nini havuki. Na safari hii ukinidanganya, mimi sirudi Mkolani."